Kilele kilichochelewa

Karibu wiki mbili nzima nilikuwa naigombeza mashine. Mashine yenyewe haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu mimi niliyeamini kwamba kitu kikichelewa kutoka kwenye kolamu basi ni kidogo, habari imeisha, andika ripoti ulale.

Ngoja nieleze vizuri. Nilipewa kingamwili mbili (wengine wanaziita antibodi, mimi nachanganya tu, tuvumiliane), tuziite A na B. Hizi mbili ni ndugu wa damu kabisa, zimetoka kwa mzazi mmoja, zinashika shabaha ileile, na ukizilinganisha mpangilio wa asidi amino (matofali yanayojenga protini) unakuta mnyororo mmoja umetofautiana sehemu tatu tu, wakati kingamwili nzima ya aina ya IgG ina asidi amino zaidi ya 1,300. Tatu! B ilikuwa inashika shabaha kwa nguvu kuliko A, ndo maana kila mtu alikuwa anaipenda B, A ilikuwa inabebwa tu kama mtoto wa jirani. Kazi yangu ilikuwa ndogo sana: zipitishe zote mbili kwenye kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa, tuone kama kuna zilizogandamana.

Kama hujawahi kuiona hii kolamu, ni bomba la chuma la urefu wa sentimita 30 hivi, ndani limejazwa shanga ndogo mno zenye vitundu. Molekuli kubwa haiingii kwenye vitundu, inapita nje nje inatoka mapema. Molekuli ndogo inaingia, inazurura, inatoka, inaingia kingine, kwa hiyo inachelewa. Mwishoni kuna ditekta inapiga mwanga wa nanomita 280, mwanga ambao triptofani na tairosini, aina mbili za asidi amino, zinaunyonya, na kila protini inapopita unaona kilele kwenye grafu. Kingamwili moja ina uzito wa dalton 150,000 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), zikigandamana mbili ni 300,000 na zinatoka mapema, zikikatika vipande vinatoka nyuma. Zilizogandamana ndo zinazotisha watu, kwa sababu kwenye dawa zinaweza kuushtua mwili wa mgonjwa ukaanza kuipiga vita dawa yenyewe.

A ikatoka safi, kilele kimesimama wima kama mlingoti. B ikatoka imechelewa, halafu na mkia mrefuuu unaoburuzika mpaka karibu na mwisho wa grafu. Nikaandika kwenye daftari bila hata kufikiri: "B imekatika, vipande." Nikajisikia mtaalamu kweli.

Kuna dada mmoja pale maabara alinitangulia miaka mingi, mtu wa maneno machache, akapita nyuma yangu akaangalia skrini akauliza, "Umeipitisha kwenye jeli?" Nikasema bado dada. Akaondoka zake. Nikaipitisha kwenye jeli, ile inayopanga protini kwa uzito. Bila kuvunja vifungo vya salfa: mstari mmoja pale kwenye 150,000. Nikivunja vifungo: mistari miwili, 50,000 na 25,000, yaani mnyororo mzito na mwepesi, kama inavyotakiwa kila siku. Hakuna kipande chochote. B ilikuwa nzima kabisa.

Sasa mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Mimi nikalaumu kolamu. Nikabadilisha kolamu, mkia uleule. Nikatengeneza bafa (yale majimaji yanayobeba protini kwenye kolamu) upya, nikachuja, nikatoa hewa, mkia uleule. Nikakagua viungio vya mirija kimoja kimoja nikitafuta pengo, manake kiungio kikikaa vibaya nacho huleta mkia, hakuna kitu. Na wakati wote huo A inatoka wima kwenye mashine hiyohiyo, kolamu hiyohiyo, siku hiyohiyo, yaani ushahidi uko mbele ya macho nami nauruka kama haunihusu.

Dada akarudi. Akaniambia, "Mdogo wangu, ndani ya hilo bomba kuna eneo la kugusa kubwa ajabu, umejuaje kwamba B inapita tu bila kushika ukuta?" Akanipa kazi mbili. Ya kwanza, ongeza chumvi kwenye bafa kutoka milimola 150 ya sodiamu kloridi mpaka 500, uone kilele kinaenda wapi. Ya pili, rudisha chumvi ilipokuwa, weka arjinini milimola 200, asidi amino ambayo ikiwa kwenye bafa inazuia protini kushikashika, uone tena.

Hii kazi ya kwanza naipenda mpaka leo kwa sababu ni rahisi na inakata ubishi. Kama B inashika ukuta kwa sababu ya chaji, yaani chanya ya kwake inavutwa na hasi kidogo iliyopo kwenye shanga, basi chumvi nyingi itaweka pazia katikati yao, mvuto utapungua na B itatoka mapema zaidi. Lakini kama inashika kwa sababu ina sehemu zinazokimbia maji, chumvi itafanya kinyume chake, itazidi kuisukumia ukutani. Nikajaza, nikabonyeza, nikasubiri. B ikachelewa zaidi ya mwanzo na mkia ukawa mnene. Kwenye arjinini, kilele kikajikusanya, mkia ukaisha, na muda wa kutoka ukawa sawasawa na wa A. Nilikaa kwenye kiti nikacheka mwenyewe. Kumbe siku zote hizo kolamu ya ukubwa ilikuwa inaniambia kuhusu uso wa B, mimi nikawa nasoma ukubwa.

Tangu siku hiyo ndo nikaingia rasmi kwenye hii biashara ya nyuso za kingamwili na sijatoka.

Tunafundishwa kwamba protini ikijikunja, asidi amino zinazokimbia maji zinajificha ndani na zinazopenda maji zinabaki nje. Ni kweli, ila kwa wastani. Kingamwili ina umbo la herufi Y, na kwenye ncha ya kila mkono kuna vitanzi sita, vitatu vya mnyororo mzito na vitatu vya mwepesi, ndo vinavyoshika shabaha. Sasa ili ushike kitu vizuri unahitaji kitu cha kushikia, na mara nyingi kinachofanya kazi hiyo ni tairosini na triptofani, zile zenye pete kubwa bapa, triptofani ikiwa ndo mkimbia maji haswa. Kwa hiyo uone mtego ulipo: kile kilichoipa B mshiko mzuri kinaweza kuwa ndicho hichohicho kinachoifanya ishike ukuta wa kolamu, ishike chupa, ishike B mwenzake. Tulipokuwa tunaichagua tulikuwa tunauliza swali moja tu, nani anashika shabaha kwa nguvu. Hakuna aliyeuliza anashika nini kingine.

Na kinachosumbua sio idadi, ni mkusanyiko. Triptofani mbili zilizokaa mbalimbali kwenye uso zinaweza zisisumbue kabisa, lakini zikikaa jirani na fenilalanini moja pembeni yao, hapo umepata baka. Baka ndo neno tunalolitumia, baka la kukimbia maji, baka la chanya, baka la hasi. Mpangilio ulioandikwa kwenye karatasi haukuonyeshi baka, kwa sababu asidi amino ya 33 na ya 102 zinaweza kuwa mbali kwenye maandishi halafu protini ikijikunja zikawa zinapumuliana. Kompyuta inasaidia kukisia, na siku hizi inakisia vizuri, ila vitanzi vinacheza cheza, hasa kile cha tatu cha mnyororo mzito ambacho kina urefu wa kila aina. Mwisho wa siku inabidi umuulize mwenyewe.

Kumuuliza mwenyewe kuhusu kukimbia maji kuna njia yake, na historia yake inanifurahisha. Mwaka 1888 Franz Hofmeister akiwa Prague alikuwa anachukua protini za ute wa yai anaongeza chumvi mbalimbali anaangalia ni chumvi gani inaziangusha haraka. Akapata mpangilio ambao mpaka leo unabeba jina lake, na salfeti ikawa juu kabisa upande wa kuangusha. Miaka 60 baadaye, 1948, Arne Tiselius wa Uppsala, Uswidi, akaandika kwamba kabla protini haijaanguka kwa chumvi inaweza kwanza kushika kwenye kitu kigumu, kisha ukipunguza chumvi inaachia. Mwaka 1973 Stellan Hjertén, naye wa Uppsala hukohuko, akaipa jina ambalo tunalitumia sasa, kromatografia ya mwingiliano wa haidrofobiki. Nikiwa naandika kwenye daftari nafupisha kuwa "kolamu ya woga wa maji", mnisamehe.

Inafanyaje kazi? Unachukua kolamu yenye shanga zilizopakwa vikundi vya mafuta kidogo, mfano butili au fenili, kidogo tu, sio kapeti. Unaingiza kingamwili ikiwa kwenye amoniamu salfeti nyingi, mimi naanzia mola 1.5 (mola ya kemia hiyo, msinielewe vibaya) kwenye fosfeti ya pH 7. Chumvi inayapenda maji mno, inayakamata, kwa hiyo maji yaliyokuwa yamejipanga kwa shida juu ya baka la B yanaondoka, na baka linaona heri likakae na butili. Halafu taratibu unashusha chumvi mpaka sifuri, kwa dakika 20 hivi, na kingamwili zinaachia moja moja. Yenye woga mdogo inaachia mapema, yenye baka kubwa inang'ang'ania mpaka chumvi inakaribia kuisha.

Watu wengi wanachanganya hii na ile kolamu nyingine ya mafuta mazito inayotumia asetonitraili (kiyeyusho) na asidi. Ile inaikunjua protini, inaivua nguo zote, kwa hiyo unachopima pale kina mambo ya ndani. Hapa protini inabaki imejikunja kama ilivyo, kolamu inagusa ngozi tu, na ndo maana kwa maswali ya uso hii haina mpinzani. Nimeshaona ripoti imetumia ile ya asetonitraili kusema "kingamwili hii ina uso unaokimbia maji" nikatikisa kichwa.

A ilitoka katikati ya grafu. B ilitoka mwisho kabisa, dakika kadhaa nyuma. Sawa, hilo tulilitarajia. Ila hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili ni la hatari kuliko la kwanza kwa sababu lilikuwa na sura ya matokeo mazuri. Nilitaka kuzitenganisha zaidi nikapandisha amoniamu salfeti mpaka mola 2. B ikatoka mapema kidogo kuliko mara ya kwanza! Nikakimbia kwa dada kumwambia pengo limepungua, labda B sio mbaya kihivyo. Hakuangalia muda. Alinyoosha kidole kwenye kilele akasema, "Hiki kimenyauka, zilizobaki ziko wapi?" Eneo chini ya kilele lilikuwa chini ya nusu ya lile la awali. Kumbe ile chumvi ilikuwa imeiangusha B hata kabla ya kufika kwenye kolamu, imeganda kwenye mrija na kwenye kichujio cha mwanzo, na kile nilichokiona kikitoka ni zile chache zilizonusurika, tena zimepita vurugu. Hofmeister alishaniambia tangu 1888, mimi sikusikia. Sasa hivi kabla ya kusoma muda nasoma eneo, nalinganisha na kiasi nilichoingiza, na kama haijarudi angalau tisa kwenye kumi sisemi neno lolote kuhusu muda.

Na jamani, osheni mashine. Amoniamu salfeti ikikaukia kwenye pampu inafanya fuwele zinazokwangua sili, halafu unabaki unashangaa presha inaruka ruka. Maji kwanza, mengi, ndo ulete pombe ya kuhifadhia. Ukiruka moja kwa moja kwenye pombe chumvi inaganda ndani ya kolamu, na hapo umeshaiua.

Kitu kingine kidogo ila kinaokoa: kila siku ya kazi naanza na kingamwili moja ileile ya rejea na namaliza nayo. Kolamu inazeeka, bafa ya leo sio bafa ya jana, joto la chumba linabadilika na huu mwingiliano unahisi joto. Kusema B ilitoka dakika ya 17 haina maana yoyote kwa mtu wa maabara nyingine. Kusema B ilitoka kiasi fulani nyuma ya rejea, hapo mnaweza kuongea.

Tuje kwenye chaji. Huku ndo kongwe zaidi, maana tulijua kingamwili zinakaa wapi kwa sababu ya chaji ya uso wake kabla hatujajua zina umbo gani. Mwaka 1937 huyohuyo Tiselius alipitisha umeme kwenye majimaji ya damu na protini zikajigawa makundi, albumini inakimbia mbele, halafu alfa, beta, na gama inakokota miguu nyuma. Mwaka 1939 yeye na Elvin Kabat wakachukua majimaji ya damu ya sungura waliochanjwa, wakaondoa kingamwili kwa kuzishikisha na shabaha yake, wakapitisha umeme tena, na kundi la gama likapungua. Jina gama globulini linatoka kwenye kundi hilo. Yaani moja ya vitambulisho vya mwanzo vya kingamwili ni mwendo wake wa kinyonga kwenye umeme.

Leo tunatumia zaidi kolamu ya kubadilishana ayoni. Kingamwili nyingi za dawa zina pH ya kutokuwa na chaji kati ya 7 na 9, kwa hiyo ukiziweka kwenye pH 6 zinakuwa chanya, zinashika kwenye shanga zenye hasi, halafu unaziachisha kwa kupandisha chumvi au kupandisha pH polepole. Na hapa ndo utaheshimu uwezo wa hizi kolamu. Unakuta sampuli ambayo kwenye kolamu ya ukubwa ni kilele kimoja safi, hapa inajifungua: kilele kikuu katikati, mabega ya upande wa asidi mbele, na vijilele vya upande wa besi nyuma.

Vya nyuma mara nyingi ni laisini, asidi amino yenye chaji chanya, ya mwisho wa mnyororo mzito. Jeni inaiandika, lakini seli ina vimeng'enya vinavyoikata, na havizikati zote, kwa hiyo unapata kingamwili zisizo nayo, zenye moja na zenye mbili, vilele vitatu vya ngazi. Ukitaka uhakika unaweka kaboksipeptidezi B (kimeng'enya kinachokata hiyo laisini), unasubiri, unapitisha tena, vijilele vya nyuma vinayeyuka. Hilo jaribio ni tamu, nawaonyesha wanafunzi kila mara.

Vya mbele vinanipa mawazo zaidi. Kuna asidi amino ya asparajini ambayo kwa muda, joto na pH inapoteza kikundi chake cha amidi na kugeuka kuwa asidi, hasa ikiwa imefuatwa na glisini kwenye mnyororo. Uzito unaoongezeka ni dalton moja. Moja, kwenye 150,000! Kwenye mizani ya molekuli nzima ni shida sana kuuona. Ila umeongeza hasi moja kwenye uso, na kolamu ya ayoni inaiona hiyo hasi, inaitenga mbele kama vile imevaa nguo ya rangi nyingine. Na kama asparajini yenyewe ilikuwa kwenye kitanzi cha kushikia, basi mshiko nao unaweza kupungua, ndo maana watu wanaweka sampuli kwenye joto la nyuzi 40 kwa wiki kadhaa wanaangalia mabega ya mbele yanavyokua.

Protini A (jina tu, sio kingamwili yetu A) sitaisemea sana. Ni protini ya bakteria Staphylococcus aureus, inakamata kingamwili kwenye mguu wa Y, unaachisha kwa asidi ya pH 3 na ushee, kila mtu anaitumia kusafisha. Mguu wa Y unafanana kwa kingamwili nyingi za aina moja, kwa hiyo haikuambii mengi kuhusu mikono. Ni mlango wa kuingilia tu.

Kinachonivutia zaidi siku hizi ni kolamu zinazoigiza mwili. Unaweza kupaka shanga na mchanganyiko wa kingamwili za binadamu za kila aina, halafu unapitisha ya kwako. Ikichelewa, maana yake inapenda kushikashika wenzake, na hiyo ni dalili kwamba ukiikoleza itakusumbua. Kukoleza sio anasa: dawa ya kuchoma chini ya ngozi inaingia kwa mililita moja au mbili hivi, kwa hiyo kama dozi ni kubwa inabidi uwe na miligramu zaidi ya 100 kwenye mililita moja, na pale kingamwili yenye mabaka inageuka mlenda, sindano haisukumiki.

Kolamu ya heparini ni nyingine. Heparini imejaa hasi, inafanana kidogo na sukari zenye salfeti zilizofunika nje ya seli, kwa hiyo kingamwili yenye baka la chanya inang'ang'ania pale kama itakavyong'ang'ania seli, na ikiganda kwenye seli inamezwa na kuvunjwa. Mfano wake mzuri ni kingamwili mbili za dawa, briakinumab na ustekinumab. Zote mbili zinashika shabaha ileile, p40, kipande kilichomo kwenye IL-12 na IL-23 ambazo ni protini za kupashana habari kwenye kinga ya mwili, mguu wa Y unafanana karibu kabisa, lakini ustekinumab inakaa kwenye damu kwa nusu-uhai (muda wa nusu yake kuondoka) wa siku karibu 22 na briakinumab siku 8 hadi 9 tu. Watafiti waliotafuta sababu wakakuta briakinumab ina baka kubwa la chanya kwenye mikono, na kwenye kolamu iliyopakwa FcRn, ile protini inayookoa kingamwili zisivunjwe ndani ya seli, ilikuwa inagoma kuachia kwenye pH ambayo mwenzake alishaondoka. Kumbuka FcRn inatakiwa kushika kwenye pH ya 6 hivi na kuachia kwenye pH ya damu. Ukikataa kuachia unarudishwa ndani ukasagwe. Yaani mikono, ambayo kitabuni haihusiani na FcRn, ndo iliyoharibu safari.

Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliochukua kingamwili 137, zilizoidhinishwa na zilizokuwa bado kwenye majaribio kwa wagonjwa, ukazipitisha kwenye vipimo 12 vya aina hii. Jambo nililolichukua pale ni mawili. Vipimo vinajikusanya kifamilia, vya woga wa maji upande wao, vya kushikana na vitu visivyohusika upande wao, kwa hiyo kufaulu familia moja hakukupi cheti cha nyingine. Na zilizoidhinishwa kwa jumla zilikuwa na dosari chache kuliko zile ambazo bado ziko njiani. Hakuna mstari mmoja wa kusema hii inafaa hii haifai, kuna kingamwili zenye dosari na bado ni dawa nzuri. Mimi sipendi mtu akiniletea namba moja ya "ubora wa uso". Uso wa nani, mbele ya nani, kwenye chumvi kiasi gani?

Turudi kwa B. Tulipoangalia zile tofauti tatu, moja ilikuwa triptofani kwenye kitanzi cha tatu cha mnyororo mzito, imekaa nje nje, jirani na tairosini mbili. Tulijaribu kuirudisha kama ilivyo kwa A, mshiko ukaanguka mno. Wenzetu wakapendekeza tuweke arjinini badala yake, kubwa, ndefu, inapenda maji. Tukaiita C. Mshiko ulipungua kidogo tu, watu wakafurahi. Nikaipitisha kwenye kolamu ya ukubwa: wima, hakuna mkia, hata bila kuongeza kitu kwenye bafa. Nikaipitisha kwenye amoniamu salfeti: imetoka mbele ya B kwa mbali, karibu na A, na eneo lote limerudi. Kwenye kikao wakapiga makofi, mkuu wetu akasema tufunge faili.

Nikamwangalia dada, naye ananiangalia. Jioni nikaitafuta ile kolamu ya heparini kabatini, nikaiosha, nikaanza na rejea, halafu A, B, C. A na B zilitoka karibu pamoja, mapema. C ikapita dakika ya A, ikapita ya B, skrini iko tambarare, chumvi inapanda, mimi nimesimama. Ilitoka ikiwa imechelewa kuliko zote, eneo lake limetimia. Tumeziba baka la woga wa maji, tumeweka la chanya palepale, maana arjinini ina chaji chanya.

D ina serini palepale, asidi amino ndogo isiyo na chaji. Iko kwenye friji, naipitisha Jumatatu, kolamu zote nne.